Uzi: Kisanduku cha kutafuta kisijali herufi kubwa wala ndogo (PostgreSQL, MySQL, SQL Server, Oracle na wenzao)

#1 MlinziWaJedwali

Wakuu, swali hili huja kila mara kwa sura mpya, basi tuliweke mahali pamoja.

Mhudumu wa kaunta anaandika "juma" kwenye kisanduku cha kutafuta mteja, programu inamjibu hakuna. Mteja yupo, ila aliingizwa "JUMA". Mhudumu hana muda, foleni inamtazama, anamsajili upya. Mwisho wa mwaka mtu mmoja ana akaunti tatu, deni lake limegawanyika na taarifa ya madeni haiaminiki tena.

Kabla ya kugusa msimbo, jua injini yako ya hifadhidata inalinganisha herufi kwa kanuni gani. Kanuni hiyo ndiyo kolesheni. Ukisakinisha bila kubadili kitu, hali ni hii:

MySQL 8 inakupa utf8mb4_0900_ai_ci. "ci" maana yake haijali ukubwa wa herufi. "Ai" maana yake haijali vialama, yaani é na e ni mamoja. SQL Server iliyosakinishwa kwenye Windows ya Kiingereza cha Marekani inakuja na SQL_Latin1_General_CP1_CI_AS: haijali ukubwa, ila vialama inavijali. PostgreSQL na Oracle zinajali vyote viwili. SQLite ni nusu kwa nusu: alama ya = inajali ukubwa, LIKE (ya kutafuta kipande cha maandishi) haijali, na hiyo LIKE inazijua herufi za ASCII tu.

Ndiyo maana malalamiko mengi yanaanza siku programu inapohamishwa kutoka MySQL kwenda PostgreSQL. Msimbo ni uleule, `where('jina', 'like', '%juma%')` ni ileile, lakini majibu yamepungua. Hakuna kosa linalotokea, hakuna kinachoandikwa kwenye logi. Programu inakaa kimya na kuficha wateja.

Kwenye PostgreSQL dawa ya haraka ni ILIKE, yaani LIKE isiyojali ukubwa (% ni maandishi yoyote):

```
SELECT id, jina, simu FROM wateja WHERE jina ILIKE '%juma%';
```

Laravel 11 (mfumo wa kujenga programu kwa PHP) ina whereLike, ambayo kwenye PostgreSQL inageuka kuwa ILIKE yenyewe. Kwa jedwali dogo umemaliza. Likikua, soma mbele.

#2 chapa_kazi

Mkuu, kwani LOWER (inayogeuza herufi kuwa ndogo) pande zote mbili haitoshi? `WHERE lower(jina) = lower('Juma')`. Inafanya kazi kwenye injini zote na huhitaji kukumbuka jina la kolesheni hata moja.

#3 MlinziWaJedwali

Majibu yatakuwa sahihi, mzigo ndio tatizo. Faharasa (index) ya kawaida ya safuwima `jina` imepangwa kwa maandishi yalivyo: "JUMA" sehemu yake, "juma" sehemu yake. Ukiifunika safuwima kwa fanksheni, injini haiwezi kuitumia faharasa hiyo. Inasoma jedwali zima mstari kwa mstari na kubadilisha kila jina ndipo ilinganishe.

Kwa hiyo ukiamua LOWER, ifuatishe na faharasa ya LOWER:

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY wateja_jina_l
  ON wateja (lower(jina) text_pattern_ops);
```

Hiyo text_pattern_ops ndiyo watu wanaisahau. Kama hifadhidata haitumii lokale ya C (kupanga kwa baiti tu), faharasa isiyo nayo itasaidia = lakini haitasaidia `LIKE 'jum%'`. Ukiiweka, vyote viwili vinapita. CONCURRENTLY inaruhusu wahudumu waendelee kuandika wakati faharasa inajengwa. Haiwezi kuendeshwa ndani ya muamala (transaction) wa hifadhidata, kwa hiyo kama chombo chako cha mabadiliko ya muundo kinafunga kila kitu kwenye muamala, zima tabia hiyo kwa faili hilo.

Ila iangalie hii: `ILIKE 'jum%'` HAITUMII faharasa hiyo. Kwa ILIKE, B-tree (faharasa ya kawaida) husaidia tu pale neno linapoanza na kitu kisicho herufi ya alfabeti, kama tarakimu. Chagua njia moja uishike, ama lower() na faharasa yake, ama ILIKE na trigramu (faharasa ya vipande vya herufi tatutatu). Kuchanganya ni kujenga mlango upande huu na kupitia dirishani upande ule.

#4 kanzidata_moro

Upande wa SQL Server, wengi wanaandika UPPER(jina) = UPPER(@x) kwa mazoea ya Oracle wakati kolesheni yao ni CI tayari. Hapo unaharibu bure: bila UPPER majibu ni yaleyale na faharasa inatumika. Angalia kwanza:

```
SELECT name, collation_name FROM sys.columns
WHERE object_id = OBJECT_ID('dbo.Wateja');
```

Angalia safuwima, usiishie kwenye hifadhidata. Ukifanya ALTER DATABASE ... COLLATE, safuwima zilizokuwepo hazibadiliki, ni zile zitakazoundwa baadaye tu. Watu hubadilisha hapo, wanajaribu, hawaoni tofauti, wanaanza kuilaumu programu.

Ukikuta safuwima moja ni CS (inajali ukubwa), mabadiliko ni haya:

```
ALTER TABLE dbo.Wateja ALTER COLUMN Jina nvarchar(120)
  COLLATE Latin1_General_CI_AS NOT NULL;
```

Kabla yake lazima uondoe faharasa na masharti yanayoigusa safuwima hiyo, kisha uyarudishe. NOT NULL usiiache. Ukiiacha, safuwima inaweza kugeuka ya kukubali NULL na hutajua mpaka baadaye.

Kama huruhusiwi kugusa safuwima, tuseme programu ni ya muuzaji na mkataba wa matengenezo unakataza, ongeza safuwima ya kukokotolewa:

```
ALTER TABLE dbo.Wateja ADD JinaTafuta AS Jina COLLATE Latin1_General_CI_AI;
CREATE INDEX IX_Wateja_JinaTafuta ON dbo.Wateja (JinaTafuta);
```

Tafuta kwa JinaTafuta, onyesha Jina. Kuandika COLLATE moja kwa moja kwenye WHERE kunaleta jibu sahihi lakini kunaua faharasa kama UPPER tu.

Na mtego wa mwisho: tempdb, hifadhidata ya majedwali ya muda, hutumia kolesheni ya seva. Ukiunganisha jedwali la muda na jedwali lako lenye kolesheni nyingine unapata kosa namba 468. Kwenye CREATE TABLE #muda andika COLLATE DATABASE_DEFAULT kwa kila safuwima ya maandishi.

#5 bint_kojani

Kosa hilo lina ndugu yake MySQL, namba 1267. Hutokea zaidi jedwali la zamani likiwa utf8mb4_general_ci na jipya ni utf8mb4_0900_ai_ci, ukijaribu kuyaunganisha. Yaweke sawa:

```
ALTER TABLE wateja CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4
  COLLATE utf8mb4_0900_ai_ci;
```

Fanya usiku, maana jedwali linaandikwa upya, na nakala rudufu iwe ya saa hiyohiyo, si ya jana.

Msidhani pia kwamba MySQL imetukamilishia kila kitu. Thamani zilizo ndani ya safuwima ya JSON hulinganishwa kwa utf8mb4_bin, yaani kila herufi inajaliwa. Programu ikihifadhi "sifa za ziada" za bidhaa kama JSON halafu ikatafuta `sifa->>'$.rangi' = 'nyekundu'`, "Nyekundu" haitaonekana hata kama jedwali lote ni ci. Na LOWER() haifanyi lolote kwenye safuwima za BINARY wala VARBINARY. Inarudisha kilekile bila kulalamika. Geuza kwanza: `LOWER(CONVERT(kodi USING utf8mb4))`.

#6 Mkeka

Naona mnazunguka. PostgreSQL ina citext, aina ya maandishi isiyojali ukubwa wa herufi. Geuza aina ya safuwima, mambo yakaisha, LOWER hakuna.

#7 MlinziWaJedwali

@Mkeka citext ni nzuri kwa barua pepe na majina ya kuingilia. Kwa kisanduku cha kutafuta ina mitego miwili.

Wa kwanza ni draiva. Java ikituma paramita kama varchar, PostgreSQL inaona `citext = varchar`, inageuza vyote kuwa text, na ulinganisho unarudi kujali ukubwa wa herufi. Ukijaribu kwa mkono kwenye psql inafanya kazi, kwenye programu haifanyi. Hapo ndipo watu wanapoteza siku nzima. Dawa ni kuandika `?::citext`, au kuweka stringtype=unspecified kwenye anwani ya muunganisho wa JDBC.

Wa pili, kila ulinganisho wa citext unaita lower() ndani kwa ndani, kwa hiyo ni mzito kuliko text. Hiyo si hoja ya kuikataa, ni hoja ya kutoipaka kila safuwima kama chokaa.

Tangu PostgreSQL 12 kuna kolesheni za ICU (maktaba ya Unicode) zisizo za uhakika wa baiti, yaani baiti tofauti zinaweza kuhesabiwa sawa:

```
CREATE COLLATION haijali_ukubwa
  (provider = icu, locale = 'und-u-ks-level2', deterministic = false);
```

level2 haijali ukubwa, level1 haijali na vialama. Kwa = na kwa sharti la upekee inafaa sana. Lakini kabla ya toleo la 18 LIKE inakataliwa kabisa kwenye safuwima ya namna hiyo, inatupa kosa. Kisanduku cha kutafuta bila LIKE kitafaa kwa kodi kamili tu. Usiiweke kwenye safuwima ya jina bila kuangalia toleo la seva.

#8 ngalawa

Kuna jambo letu wenyewe ambalo nyaraka za injini hizi hazitalitaja: ritifaa.

Ng'wandu, Nyang'oro, Ong'ayo. Kibodi ya kompyuta inaandika ' (U+0027). Simu nyingi na Word zinaigeuza kuwa ’ (U+2019). Wengine wanabonyeza ` iliyo pembeni ya namba 1. Wengine hawaweki kabisa. Kwa macho ni jina moja, kwa hifadhidata ni majina manne, na hakuna ci wala ILIKE itakayokuokoa, kwa sababu hili si suala la herufi kubwa.

Njia inayokaa ni safuwima ya pili iliyosafishwa, na neno la mtafutaji lipite chujio lilelile. Kwenye PostgreSQL:

```
CREATE FUNCTION safisha(t text) RETURNS text
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE AS $$
  SELECT btrim(regexp_replace(
           lower(translate(t, '''’‘ʼ`', '')), '\s+', ' ', 'g'))
$$;

ALTER TABLE wateja ADD COLUMN jina_tafuta text
  GENERATED ALWAYS AS (safisha(jina)) STORED;
```

translate yenye upande wa pili mtupu inafuta kila alama iliyotajwa. Regexp inakunja nafasi mbilimbili kuwa moja, maana "Juma  Ali" lenye nafasi mbili ni ugonjwa mwingine uleule. ADD COLUMN hiyo inaandika jedwali upya na kulifunga mpaka imalize, kwa hiyo si kazi ya saa nne asubuhi.

Mnaotumia Oracle, MSINAKILI hivyo hivyo. Oracle huchukulia '' kuwa NULL, na TRANSLATE ikipewa NULL inarudisha NULL, kwa hiyo safuwima yote itakuwa tupu. Huko mnaweka herufi moja ya kubaki pande zote: `TRANSLATE(jina, 'a''’‘ʼ`', 'a')`.

Mtu atasema ng' na ng ni sauti mbili. Kweli, na kwenye kuandika lazima zitofautishwe. Kwenye kutafuta hakuna hasara, mhudumu ataona majina mawili na kuchagua. Safuwima `jina` haiguswi. Risiti na ankara zichapwe kutoka hiyo, si kutoka jina_tafuta. Hakuna mteja anayependa kupokea ankara iliyoandikwa ngwandu.

#9 Fundi_Thika

@ngalawa umegonga ndipo. Huku Kenya ongeza vialama vya Kikuyu: Mũthoni kwenye hati rasmi, Muthoni kwenye simu. PostgreSQL ina kiendelezi cha unaccent, lakini haikubaliki moja kwa moja kwenye faharasa wala safuwima ya kukokotolewa, kwa sababu imetangazwa STABLE na vitu hivyo vinataka IMMUTABLE, yaani fanksheni ambayo jibu lake halibadiliki kamwe. Unaizungushia fanksheni yako na kuitajia kamusi waziwazi:

```
CREATE FUNCTION ondoa_vialama(t text) RETURNS text
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE AS $$
  SELECT public.unaccent('public.unaccent', t)
$$;
```

Halafu iite ndani ya safisha(). Kumbuka hiyo IMMUTABLE ni ahadi unayoitoa wewe. Ukibadilisha faili la kanuni za unaccent baadaye, safuwima zilizokokotolewa hazijirekebishi na faharasa itabaki na maandishi ya zamani.

Sasa kwa kodi na namba, msitumie njia ya majina. Namba ya gari, namba ya muamala wa M-Pesa, kodi ya bidhaa: hapa ukubwa wa herufi hauna maana kabisa, kwa hiyo zihifadhi kwa umbo moja toka mlangoni. Geuza kuwa herufi kubwa wakati wa kuingiza, na weka mlinzi:

```
ALTER TABLE miamala ADD CONSTRAINT kodi_kubwa CHECK (kodi = upper(kodi));
```

Hapo kutafuta ni = ya kawaida na faharasa ya kawaida, bila mbwembwe. Kwa namba za gari ondoa na nafasi: "KDA 123A", "kda123a", au za Tanzania "T 123 ABC" na "T123ABC", zote ziwe umbo moja: `upper(regexp_replace(namba, '[^A-Za-z0-9]', '', 'g'))`. Nafasi irudishwe wakati wa kuonyesha.

Na jameni, `text-transform: uppercase` ya CSS haibadilishi kitu! Inaonyesha herufi kubwa kwenye skrini, ila kinachotumwa kwa seva ni kile mtu alichobonyeza. Badilisha kwenye seva.

#10 chapa_kazi

Sawa, nimeelewa kuhusu LOWER. Vipi Oracle sasa? Skrini za zamani za Oracle Forms nazo?

#11 mzee_wa_ankara

Kijana, Oracle Forms ina mali ya kisanduku inayoitwa Case Insensitive Query. Fungua kipengee kwenye Property Palette, weka Yes, kusanya fomu upya. Forms yenyewe inaandika hoja yenye UPPER(jina) pamoja na LIKE kadhaa za herufi mbili za mwanzo (ju, Ju, jU, JU) ili faharasa ya kawaida itumike. Ni ujanja wa zamani lakini una akili.

Nje ya Forms, njia isiyokusumbua ni `CREATE INDEX wateja_jina_u ON wateja (UPPER(jina))` na hoja zote ziandikwe kwa UPPER. Ipo pia NLS_COMP=LINGUISTIC pamoja na NLS_SORT=BINARY_CI, ambayo inabadilisha ulinganisho bila kugusa hoja. Faharasa yake ni ya NLSSORT:

```
CREATE INDEX wateja_jina_ci ON wateja (NLSSORT(jina, 'NLS_SORT=BINARY_CI'));
```

Shida yake ni kwamba ni mpangilio wa kikao. Programu ya kaunta imeuweka, chombo cha taarifa hakijauweka, na sasa skrini inaonyesha wateja 12 wakati taarifa inaonyesha 9. Kabla ya kuutumia hakikisha kila kinachounganishwa kinauweka, hata kazi za usiku. Kuanzia 12.2 unaweza kuiweka COLLATE BINARY_CI kwenye safuwima yenyewe, ila hifadhidata lazima iwe na MAX_STRING_SIZE=EXTENDED, na kuhamia huko hakuna kurudi.

Kwa wa SAP, msianze kubuni. Maelezo ya bidhaa yamo jedwali la MAKT, safuwima MAKTX kama yalivyoandikwa, na jirani yake MAKTG ni yaleyale kwa herufi kubwa, kwa ajili ya kutafutia. Wateja nao KNA1 ina MCOD1 hadi MCOD3. Ukiandika ripoti yako, geuza neno la mtumiaji kuwa herufi kubwa utafute kwenye MAKTG, siyo MAKTX. Angalizo: MCOD1 ni herufi 25 wakati NAME1 ni 35, kwa hiyo jina refu la kampuni limekatwa mkia. Na ukiunda domeini mpya bila kuweka tiki ya herufi ndogo, SAP itageuza kila kinachoingizwa kuwa kubwa kabla hata hujakiona.

#12 ngalawa

Mzee, MAKTG ndiyo safuwima yangu ya jina_tafuta, ila imenitangulia kwa miaka mingi 😄

#13 Mkeka

Mimi bado naona '%juma%' ndiyo watu wanayoitaka. Hakuna mhudumu anayekumbuka jina linaanzaje. text_pattern_ops yenu haimsaidii.

#14 bint_kojani

Kweli, hapo ni trigramu:

```
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS pg_trgm;
CREATE INDEX CONCURRENTLY wateja_tafuta_trgm
  ON wateja USING gin (jina_tafuta gin_trgm_ops);
```

Inakata maandishi vipande vya herufi tatutatu na kuvipanga, kwa hiyo katikati ya neno panapatikana. Inasaidia LIKE na ILIKE. Gharama yake ni faharasa kubwa na kuandika kunakopungua kasi kidogo, basi iwe kwenye safuwima mbili tatu zinazotafutwa kweli, si zote. Kwa neno lenye herufi moja au mbili haina msaada, haipati kipande cha kushika. Skrini isianze kutafuta mpaka herufi tatu zitimie, isubiri milisekunde 300 baada ya kidole kutulia, na ilete mistari 20 tu.

Upangaji wa majibu nao ni nusu ya kazi:

```
SELECT id, jina, simu FROM wateja
WHERE jina_tafuta LIKE '%' || safisha($1) || '%'
ORDER BY (jina_tafuta = safisha($1)) DESC,
         (jina_tafuta LIKE safisha($1) || '%') DESC, jina
LIMIT 20;
```

Lililofanana kabisa juu, linaloanza hivyo linafuata, mengine chini.

Usisahau % na _ anazoandika mtumiaji mwenyewe. Kodi ya bidhaa KTN_05 kwenye LIKE italeta na KTNA05, kwa sababu _ ni herufi yoyote. Weka \ mbele ya \, % na _ kabla ya kulituma neno, ukianza na \ yenyewe, la sivyo utaziongeza mara mbili.

Watumiaji wa Odoo (programu ya kuendesha biashara): utafutaji wake wa kawaida tayari ni ilike. Kuanzia toleo la 16 unaweka index='trigram' kwenye ufafanuzi wa sehemu na faharasa inaundwa, mradi pg_trgm ipo.

#15 Fundi_Thika

Na wenye mauzo ya nje ya mtandao kwa SQLite kwenye tableti: = inahitaji COLLATE NOCASE, na faharasa pia iwe ya NOCASE ndipo LIKE 'jum%' iitumie. NOCASE haijui ũ na Ũ kuwa ndugu. Safisha jina kwenye seva, lishuke na safuwima ya jina_tafuta ikiwa tayari. Tableti isijisafishie kivyake kwa kanuni nyingine, la sivyo mteja anaonekana dukani na haonekani makao makuu.

#16 kanzidata_moro

Tuongeze nakala mbili. Kutafuta kukirekebishwa lakini upekee ukabaki wa zamani, Juma@mfano.co.tz na juma@mfano.co.tz bado wataingia wote. Kwanza tazama uozo uliopo (hapa ni PostgreSQL):

```
SELECT lower(barua_pepe), count(*), array_agg(id)
FROM wateja GROUP BY 1 HAVING count(*) > 1;
```

Unganisha hizo kwa mkono, ukihamisha ankara na malipo kwenda kwenye id moja kabla ya kufuta nyingine. Halafu:

```
CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY wateja_bp_u ON wateja (lower(barua_pepe));
```

Ikikuta nakala, inashindwa lakini inaacha faharasa batili nyuma yake. Ifute kwa DROP INDEX kabla ya kurudia. Na ON CONFLICT ya INSERT nayo lazima itaje usemi wenyewe: `ON CONFLICT (lower(barua_pepe))`. Ukiandika (barua_pepe) tu, inakataa.

Majina ya watu msiyawekee upekee. Juma Ali wapo wengi na wote ni halali. Upekee ni wa TIN na simu.

#17 Mkeka

Na msije mkalainisha kila kitu. Nenosiri, tokeni za API, vitambulisho vya Base64: hapo a na A ni vitu viwili. Ukiweka tokeni kwenye safuwima ya ci ya MySQL, tokeni mbili tofauti zinaweza kuhesabiwa moja. Safuwima hiyo ipewe utf8mb4_bin.

#18 chapa_kazi

Nimefuata #3 kwa Django (mfumo wa Python) na PostgreSQL, faharasa ya lower(jina) ipo, ANALYZE nimeendesha, jedwali ni kubwa. EXPLAIN (mpango wa hoja) bado inaonyesha jedwali zima linasomwa:

```
Seq Scan on wateja
  Filter: (upper((jina)::text) ~~ '%JUMA%'::text)
```

#19 MlinziWaJedwali

Jibu limo kwenye mstari wako wa pili. Umejenga lower, Django inatuma upper. Iexact, icontains na istartswith kwenye PostgreSQL zote zinageuka UPPER(). Spring Data (ya Java) nayo kwa IgnoreCase ni hivyohivyo. Kwa PostgreSQL lower(jina) na upper(jina) ni semi mbili zisizohusiana, haikisii. Tena umetafuta katikati ya neno, kwa hiyo hata upper ya B-tree isingekufaa. Kwenye modeli:

```
GinIndex(OpClass(Upper('jina'), name='gin_trgm_ops'),
         name='wateja_jina_u_trgm')
```

Ongeza 'django.contrib.postgres' kwenye INSTALLED_APPS, na TrigramExtension() itangulie kwenye faili la mabadiliko. Ile faharasa ya lower ifute, inakula nafasi bure.

#20 chapa_kazi

Bitmap Index Scan sasa, faharasa inatumika, ahsante mkuu. Ila nikitafuta "ju" inarudi Seq Scan.

#21 bint_kojani

Herufi mbili hizo, kaka. Rudi #14.